Kuandaa mchoro wa kompyuta kabla ya kuupeleka kwa mchapaji

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na mchoro wa mitumbwi ya Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, aliouchora kwenye tableti, akitaka nakala za ukubwa wa A3 za kuuza. Nilimzuia asikimbilie Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini Kampala, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kulipia nakala hamsini ambazo Ziwa Victoria lilitoka na rangi ya biringanya. Hatua tulizofuata ni hizi.

1. Ukubwa

Karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420. Ongeza milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha mchapaji hakikati palepale kila mara. Kwa nukta 300 kwa inchi, turubai (eneo la kuchorea) itakuwa pikseli 3579 kwa 5031. Mchoro uliochorwa mdogo haupati ubora kwa kubadilishiwa tu tarakimu za ukubwa; ni heri kuuchora upya.

2. Rangi

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo msomaji anivumilie. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu (RGB), ilhali mashine ya ofseti, inayochapa kwa mabamba, hutumia wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi (CMYK), na zipo bluu kali za skrini ambazo wino huo hauwezi kuzifikia. Bluu huchanganywa kwa sayani na majenta, na majenta ikikaribia kulingana na sayani, jicho huona zambarau. Mimi huiacha sayani kwenye asilimia 100 na kuishusha majenta hadi 60 au chini zaidi. Pengo kati ya hizo mbili likishuka chini ya 30, ninajua tunaelekea kwenye biringanya.

Kabla ya kugeuza rangi, muulize mchapaji anatumia profaili gani, yaani faili inayoeleza jinsi mashine na karatasi fulani zinavyotoa rangi. Kwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa, FOGRA39 hutumika sana. Karatasi isiyong'aa hunyonya wino na kufifisha rangi, hivyo huhitaji profaili yake. Ikiwa kazi itatoka kwenye mashine ya dijitali ya kunyunyiza wino, huenda akataka faili ibaki RGB, kwa sababu programu ya mashine hiyo hugeuza rangi yenyewe, na ukiitangulia utakuwa umeibana rangi mara mbili.

Geuza nakala, kamwe si faili ya asili, kwani rangi zilizokwisha kupunguzwa hazirudi. Tena, kugeuza kwenda profaili mpya si sawa na kuibandika tu juu ya mchoro. Kugeuza hubadilisha tarakimu za rangi ili mwonekano ukaribiane na wa awali. Kubandika huziacha tarakimu zilivyo na kuuvuruga mwonekano. Mimi nilibandika, nikaona rangi zimeharibika, nikazirekebisha moja moja hadi alfajiri, bila kujua kwamba tatizo lilikuwa amri niliyoichagua.

Maandishi madogo yawe ya wino mweusi pekee. Yakiundwa kwa wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi huota kivuli cha rangi. Eneo pana jeusi linaweza kuongezewa wino nyingine, ila jumla ya asilimia za wino zote nne isizidi 300, la sivyo karatasi hukawia kukauka na kuchafua mgongo wa ile iliyo juu yake.

3. Programu na faili

Ninapendekeza Krita kwa kuchora, kwa kuwa ni ya bure na inaimudu CMYK, na Scribus kwa kuweka maandishi na kutoa PDF/X-4, aina ya PDF iliyokusudiwa uchapaji. Kazi ya sanaa iliyopangwa katika Word huwa ninairudisha kwa mwenyewe.

4. Kukabidhi

Peleka faili kwa flashi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, itabanwa na kupoteza pikseli ulizozihangaikia.

Omba nakala moja ya majaribio kutoka kwenye mashine na karatasi zilezile zitakazotumika, kisha itoe nje mlangoni, kwa sababu taa za tyubu za dukani hubadilisha bluu. Mpwa wangu aliona anga la jioni limekolea wekundu, tukapunguza majenta kwa 8, na nakala ya pili akaikubali. Tuliitia sahihi na tarehe mgongoni, tukamwachia mchapaji nakala nyingine kama hiyo, na siku ya kuchukua mzigo tuliulinganisha na nakala yetu palepale kabla ya kulipa salio.