Walimu wa Kiingereza, msiwasafishie maongezi

Nyie mnaofundisha Kiingereza huku Mbeya, kabla hamjawapa wanafunzi wachambue maongezi ya Kiingereza ya papo kwa papo waanze na ya kwao. Rekodi kwa simu dakika moja tu watu wawili wakipiga stori, hata pale Mwanjelwa kwenye viazi, ila omba ruhusa kwanza, halafu waandike kila kitu kilivyotoka, na "aa", na "yaani", na pale mtu alipoanza sentensi akaiacha akadaka nyingine. Hapo ndo penye kazi, maana watoto wanapenda kufuta wakidhani ni makosa, kumbe hizo, kama "er" na "you know" za Kiingereza, zinampa msemaji muda wa kufikiri bila kunyang'anywa zamu.

Ukimya uandikwe kwa sekunde ndani ya mabano, wakiongea kwa pamoja weka mabano ya mraba, ndo mtindo wa Gail Jefferson, mtaalamu wa kuchambua maongezi.

Alafu wasiishie kusema tu "hapa kasita", waseme kasita kwa nini, labda anakataa ombi, mana kukataa mara nyingi kunakuja na kusita na "well" mbele wakati kukubali kunatoka fasta.