SOMO: Kuvua na kufunga betri ya gari bila cheche

Wakuu, hapa gereji Ngamiani, Tanga, naulizwa hili kila siku. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Zima gari, toa ufunguo.

2. Vua pete na saa ya chuma. Sigara iwe mbali.

3. Anza kufungua HASI, ile nguzo ya betri yenye alama ya kutoa (–); chanya ni yenye (+). Hapa ndipo nilipokosea nikiwa bado najifunza kazi. Nililegeza chanya kwanza kwa spana namba 10, mkia wa spana ukagusa bodi. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo spana ikawa waya. Cheche ziliruka, spana ikaganda palepale na kupata moto. Kovu ninalo kiganjani mpaka leo. Kibaya zaidi, betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa cheche moja inailipua. Ingelipuka, asidi ingenirukia machoni. Ukishatoa hasi, ifunike kwa kitambaa kikavu isirudi, ndipo ufungue chanya.

4. Kufunga: chanya kwanza, hasi mwisho.

MASWALI

– Mkuu, naanza na ipi?

Soma hatua ya 3.

– Mimi miaka yote naanza na chanya, sijawahi kuungua.

Spana yako haijagusa bodi bado. Yangu iligusa.

– Fundi, kwani hasi ina tofauti gani, si umeme uleule?

Umeuliza vizuri. Ukifungua hasi, spana ikigusa bodi ni hasi kwa hasi, hakuna kitu. Hasi ikishatoka, umeme hauna njia ya kurudi kwenye betri, hata chanya ikigusa bodi. Ndiyo maana ukibusti gari, yaani kuliwasha kwa betri ya gari jingine, klipu ya mwisho ya hasi ing'ate chuma cha injini mbali na betri iliyokufa, cheche itokee pasipo gesi.

– Mimi mvuvi wa Sahare. Betri na dumu la petroli nimeviweka pamoja chini ya ubao.

Ndugu yangu, vitenganishe leo kabla hujaingia baharini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya boti ukisubiri cheche. Betri ikae juu penye upepo, ifungwe isicheze. Dumu lijazie ufukweni. Kabla ya kuwasha mashine, inama unuse.

– Nimeshahamisha, asante fundi. Betri nimeifunga kwa kamba ya katani, itafaa?

Asidi ikiidondokea, katani inaoza. Kata ukanda wa tyubu ya pikipiki.