Nyama ya Kubeba Mlima Kenya Bila Friji: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Ukipanda Mlima Kenya kupitia Sirimon na kushukia Chogoria, tenga siku nne au tano, na ukishapita getini usahau friji. Wengi hudhani baridi ya huko juu itawatunzia nyama. Usiku maji huganda kweli kambini Shipton, lakini mchana jua linachoma na begi linapata joto, na kabla ya hapo nyama imeshashinda saa kadhaa ndani ya matatu ya Nanyuki. Nyama mbichi iache nyumbani. Soseji za supamaketi nazo ziache. Zinauzwa kwenye friji kwa sababu zina maji mengi, na maji ndiyo yanayoozesha.

Ukiamua kukausha mwenyewe, anza wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Nunua steki kwenye bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi, maana kukausha hakuondoi kimeta. Ondoa mafuta yote, kwa kuwa hayakauki na baadaye yatachina. Kata vipande vyembamba vya nusu sentimita hivi. Nyama ikigandishwa kidogo kwanza, kisu kinapita vizuri. Kisha ipashe moto hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi ndipo uianike au uitie kwenye ovena ya moto mdogo. Hatua hii wengi huiruka, nao ni uzembe: joto la kukaushia peke yake huweza kuacha vijidudu vikiwa hai.

Kujua kama imekauka, acha kipande kipoe kabisa, halafu kikunje. Kiwe na nyufa na nyuzi zake zionekane, lakini kisikatike. Kikiwa laini katikati, kirudishe. Mimi bado sikiamini kidole changu, kwa hiyo naitia nyama yote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na kuiangalia siku mbili. Umande ukijitokeza ndani ya kioo, kazi haijaisha.

Asiye na muda atafute nyirinyiri. Wasomali na Waborana wa kaskazini wanaijua nyama hii tangu enzi za misafara ya ngamia, na leo inapatikana Isiolo na Eastleigh. Nyama ya ng'ombe au ngamia huanikwa, hukatwa vipande vidogo, hukaangwa hadi iwe kavu, kisha huhifadhiwa ndani ya samli au mafuta yaliyotiwa iliki. Mafuta huzuia hewa na unyevu kuifikia. Kwa safari ya mlima sijaona inayoishinda: baridi inayagandisha mafuta, hayamwagiki, na mwili unahitaji mafuta hayo. Sharti lake ni kijiko kikavu. Ukichota kwa kijiko ulichosuuza sasa hivi, umetia maji kwenye kopo zima.

Pakia kwa mlo, gramu 50 kavu kwa kila mtu, ili usifungue akiba yote kila jioni. Tumia makopo magumu yenye vifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na kunguru wa kambini hawaoni taabu kutoboa kitu laini. Nyama usiyo na hakika kama imekauka usiifunge kwa mashine ya kunyonya hewa. Viko vijidudu vinavyostawi pasipo hewa. Nyama ya kopo la dukani ni salama ila nzito, na kopo likifunguliwa liishe mlo huo huo. Lililovimba ni la kutupa.

Fikiria na upishi. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, kwa hiyo nyama ngumu itakumalizia gesi bila kulainika. Itwange kwenye kinu ukiwa nyumbani, au iloweke kwenye maji ya moto muda mfupi kabla ya kupika. Ikishalowa ihesabu kuwa mbichi: ipikwe na iliwe hapo hapo. Kama nyama ina chumvi, usiongeze nyingine kwenye mchuzi, na uweke maji ya kunywa zaidi.

Mwisho, beba risiti ya bucha. Kenya hairuhusu biashara ya nyamapori, na askari wa hifadhi akikuta vipande vyeusi vilivyokauka ndani ya begi ana haki ya kuuliza ni mnyama gani.