Sukari ya asubuhi imepanda na hukula usiku? Jinsi ya kumjua mhusika

Mama mmoja mwenye kisukari, muuza samaki wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja kliniki na wanawe wawili. Kabla ya kulala sukari ilikuwa 6.8 (mmol/L), asubuhi 11.2. "Nesi, mama anaamka usiku anakula mahamri," wakamshitaki. Mama akaapa: "Wallahi mwanangu, sijatia kitu mdomoni." Nilimwamini. Hiki ndicho nilichomfundisha.

Kwanza uelewe kinachotokea. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo kama kofia. Hizo humwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli hulifanya ini litengeneze sukari, na huifanya misuli iwe mizito kuitikia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Mwenye kongosho zima huongeza insulini na mambo yakaisha; mwenye kisukari sukari humbakia kwenye damu. Hata usipokuwa na shida yoyote, kotisoli hushuka chini kabisa karibu na usiku wa manane, kisha hupanda kuelekea alfajiri. Kwa hiyo mahamri yanaweza kusingiziwa.

Hatua ya 1. Tafuta daftari. Chora safu tatu: saa, sukari, na kilichotokea siku hiyo. Hiyo ya tatu watu huiacha tupu, na ndiyo ninayoisoma kwanza.

Hatua ya 2. Osha mikono kwa sabuni, kausha. Kidole chenye maji ya embe kitakupa namba ya uongo.

Hatua ya 3. Pima mara tatu: unapokwenda kulala, saa tisa usiku, na unapoamka kabla ya chai. Stripu za kupimia ni ghali, najua. Usiku tatu zinatosha, si lazima zifuatane.

Hatua ya 4. Isome saa tisa. Hapa ndipo penye jibu.

Ikiwa chini ya 4.0, sukari imeshuka. Usisubiri asubuhi: kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na siku hiyo hiyo mwone daktari, hasa kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari.

Ikiwa saa tisa iko sawa halafu asubuhi imeruka, mshukiwa ni homoni za alfajiri. Ikiwa ilikuwa juu tangu ulipolala, basi tuzungumzie chakula cha jioni au dozi, na hapo wanao wana haki ya kuuliza.

Hatua ya 5. Linganisha na safu ya tatu. Homa, kidonda, jino, msiba, usiku wa kukesha, vyote huipandisha kotisoli. Mama yule aliandika "marejesho" kila Jumatatu: alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na Jumanne sukari ilikuwa juu kuliko siku zote. Jina la mkopo linasema kukausha, kumbe damu yenyewe inajaa sukari.

Hatua ya 6. Leta dawa zako zote, hata za dukani. Prednisolone na dexamethasone hufanya kazi kama kotisoli, na kuna vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa vikiwa na dawa za aina hiyo ndani. Ukigundua unavitumia, usivikate ghafla: adrenali zilizozoea kupumzika haziamki siku moja, na mtu anaweza kuzidiwa. Daktari ndiye atakayekupunguzia.

Hatua ya 7. Usijiongezee insulini mwenyewe kwa sababu ya namba ya asubuhi. Ukiugua, usiiache pia, hata kama huna hamu ya kula. Pima mara nyingi zaidi na uje. Baada ya chakula cha jioni tembea kidogo, na ulale saa ile ile kila siku.

Mama alileta daftari: saa tisa usiku 7.1, alfajiri 10.9. Daktari alimhamishia sindano ya insulini ya jioni hadi muda wa kulala (hilo ni lake, usiige). Alamu ya saa tisa sasa wanaiweka wale wanawe wawili, kwa zamu.