Jinsi ya kupanga ratiba ya michezo Juni hadi Agosti 2026 usiachwe na mechi

Nimetoka kumpangia mdogo wangu hii kitu na najua kuna wengine wataniuliza, kwa hiyo naiweka hapa moja kwa moja.

Hatua ya 1: Chagua mapema
Kombe la Dunia peke yake ni timu 48 na mechi 104, kuanzia 11 Juni mpaka 19 Julai. Juu yake kuna tenisi ya Wimbledon (29 Juni), mbio za baiskeli za Tour de France zinazoanzia Barcelona 4 Julai, halafu Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow kuanzia 23 Julai. Zote huwezi, acha kujidanganya. Weka makundi matatu: lazima laivu, nikipata nafasi, na ya kuangalia magoli tu asubuhi.

Hatua ya 2: Masaa (hapa ndo watu wanaumia)
Usichukue saa kwenye zile picha za ratiba zinazozunguka WhatsApp, nusu yake hazisemi ni saa za wapi. Chukua saa ya mji mechi inapochezwa, kisha ubadilishe mwenyewe. Kipindi hicho New York ni UTC-4 (yani saa nne nyuma ya UTC, saa ya rejea ya dunia nzima), Dallas na Houston UTC-5, Mexico City UTC-6, Los Angeles UTC-7. Kama uko UTC+3 (saa za Afrika Mashariki) kama mimi basi unajumlisha 7, 8, 9 au 10, kwa mpangilio huohuo.

Sasa angalia mtego. Marekani na Paraguay wanacheza Los Angeles Ijumaa 12 Juni saa 18:00 za kwao. Jumlisha 10 unapata 28, yani kwako ni 04:00 ya JUMAMOSI tarehe 13. Mdogo wangu alikuwa ameandika Ijumaa alfajiri, angeamka siku nzima kabla ya mechi yenyewe. Ukivuka 24, sogeza na tarehe.

Mtego wa pili ni Meksiko. Waliacha kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi tangu 2022, ila Houston bado wanasogeza, kwa hiyo Mexico City na Houston ambazo Januari ziko sawa, Juni zinapishana saa moja. Simu ya zamani isiyo na apdeti inaweza bado kuisogeza, ihakiki kwa mkono.

Na andika kwa mtindo wa saa 24 tafadhali. Ukiandika "saa 10" tu, wiki mbili baadaye hujui ni alfajiri, jioni au ni ile 10 ya kwenye simu. Mimi natumia kalenda ya simu, kila tukio nalifungia kwenye saa za mji husika, simu inabadilisha yenyewe. Apu za matokeo sizipendi, zinapiga kelele kwa kila kona.

Hatua ya 3: Mtoano
Acha nafasi wazi. Kutoka makundi 12 ya Kombe la Dunia wanapita wawili wawili na washindi wa tatu bora 8, kwa hiyo nani anakutana na nani hutajua mpaka mechi za mwisho za makundi ziishe. Kumbuka pia mechi hizo za mwisho za kundi moja zinachezwa muda mmoja, chagua moja au tafuta skrini ya pili.

Hatua ya 4: Chaneli
Hakikisha nani ana haki za matangazo ulipo, lipia kabla, jaribu strimu siku moja kabla.

Hatua ya 5: Mechi za kuangalia marudio
Zima notifikesheni zote kabla hujalala, na magrupu yafunge sauti mpaka umalize kuangalia. Ukiamka usifungue YouTube ukurasa wa mwanzo, matokeo yako kwenye picha ya video kabla hata hujabonyeza.