Kabla hujamshauri mtu, mrudishie alichosema

Mnaofikiria kusomea ushauri nasaha hapa Moshi, kuna zoezi la bure la kuanza nalo. Mtu akikueleza shida yake, usimwambie afanye nini. Mrudishie kwa ufupi ulichosikia, pamoja na hisia yake: "Kwa hiyo tangu ufunge kibanda pale Mbuyuni, unaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu?" Kisha nyamaza. Ukikosea atakurekebisha, na hapo ndipo mengi hufunguka. "Kwa nini" ipunguze, humfanya mtu ajitetee kama yuko polisi. "Ilikuwaje?" inatosha.

Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mshauri amwelewe mteja kwa jicho la mteja mwenyewe, amkubali bila masharti, na asijifanye. Si rahisi, hasa kwetu tuliolelewa na vikao vya ukoo ambako mkubwa ndiye hutoa hukumu.

Siri tunza, ila mweleze mapema mipaka yake: akiwa katika hatari ya kujiua, au mtoto akiwa hatarini, utawahusisha wengine.

Ada usilipe kabla ya kuhakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, au TCU, tume ya vyuo vikuu, kama ni chuo kikuu. Uliza pia nani atakusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo.