Kung'oa sinki la kuogea na kuweka shawa ya wazi bila kuishusha bei nyumba

Tangu tubadilishe bafu la nyumba ya mama pale Mikocheni, Dar es Salaam, ndugu na majirani wananiuliza swali lile lile, je nikitoa lile sinki refu la kuogea nikaweka shawa ya kuingia kwa kutembea tu, siku nikitaka kuuza nyumba bei haitashuka? Naandika hapa yote niliyojifunza maana sisi tulilifanya mara mbili, ya kwanza tukaliharibu, ya pili likakaa sawa, na nyumba yenyewe baadaye tukaiuza.

Nianze na bei kwa sababu ndiyo inawatia watu hofu. Ushauri mwingi wa mtandaoni unatoka Marekani na Uingereza, na kule wanasema usitoe sinki la mwisho lililobaki ndani ya nyumba, mnunuzi mwenye watoto wadogo atalitafuta. Kwao ni kweli. Dar es Salaam mtoto anaogeshwa kwenye beseni la plastiki, na sinki kubwa linataka lita 150 mpaka 200 ndo lijae, sasa nani ana maji hayo wiki ya mgao? Shawa ya kawaida inatoa kama lita 10 kwa dakika, ukioga dakika tano umetumia lita 50 umemaliza. Nyumba nyingi za zamani nilizoingia, Upanga, Mikocheni, Mbezi, sinki halina mtu anayeogea, limegeuka pipa la kuhifadhia maji na juu yake kuna kopo linaelea.

Ila msiende mkang'oa yote kwa pupa. Kama nyumba ipo Masaki au Oysterbay na mnategemea mpangaji mgeni au mnunuzi wa kuipangisha kwa wageni, na mna mabafu mawili au matatu, acheni sinki moja kwenye bafu la chumba kikubwa na lile lingine ndo muweke shawa. Kama bafu ni moja na nyumba ni ya familia ya kawaida, mimi nasema ng'oa bila wasiwasi. Wazazi wakija kutoka mkoani wana magoti, wana kisukari, kuvuka ukingo wa sentimita 50 na zaidi na mguu una maji ni hatari, mama yetu aliteleza hapo hapo na ndo tukaanza hii kazi.

Kinachoshusha bei ni unyevu, hilo nalisema kwa uhakika. Mnunuzi akiona rangi imevimba kwenye ukuta wa korido nyuma ya bafu, hata ungeweka shawa ya hoteli anaanza kukata milioni. Kwahiyo pesa yako na akili yako ipeleke kwenye vitu ambavyo tailizi zitavifunika, vya kung'aa vifuate baadaye.

Kabla ya kuvunja, pima. Sinki la kawaida lina urefu wa sentimita 150 mpaka 170 na upana wa 70 au 75, hiyo nafasi peke yake inatosha shawa nzuri, ila ukiweza kupata upana wa 90 mtu anaingia hata akiwa ameshikwa mkono. Angalia pia maji yako yana nguvu kiasi gani. Watu wananunua ile shawa pana inayomwaga kama mvua halafu tanki lipo mita tatu tu juu yake, hiyo ni presha ya ba 0.3, maana kila mita 10 za urefu ndo zinakupa ba moja, matokeo yake maji yanadondoka kama machozi. Ama upandishe tanki, ama ufunge pampu ndogo ya presha, ama ununue kichwa cha kawaida cha matundu madogo na uoge kwa raha. Na kama uko ghorofani usiguse sakafu kabla hujaongea na uongozi wa jengo na jirani wa chini, zege lile lina nondo na chini yake ni dari ya mtu.

Siku ya kung'oa funga maji kwenye geti valvu, ile koki kuu ya kufungia maji, fungua bomba mpaka likauke, kata silikoni pembeni kwa kisu, fungua bomba la kutolea maji chini ya sinki. Masinki ya plastiki yanatoka kirahisi. Yale ya zamani ya chuma cha kusubu yana zaidi ya kilo 100, tafuta vijana wanne, na kama halijachubuka usilivunje, kuna watu wanayanunua mazima, likishindikana kabisa linavunjwa kwa nyundo kubwa lakini vaa miwani na funika na gunia kwanza maana rangi yake ya juu inaruka kama vipande vya chupa.

Sasa bomba la maji machafu, hapa wengi wanakosea. Sinki mara nyingi limefungwa bomba la inchi moja na nusu, na halikuwa na shida kwa sababu maji yakichelewa kutoka yanasubiri ndani ya sinki. Kwenye shawa hayana pa kusubiria, yatakuja mlangoni. Badilisha uweke la inchi mbili, na trapu yake iwe ile inayobaki na maji kama sentimita tano ndani, hayo maji ndo yanazuia harufu ya shimo na mende wasipande. Bafu likikaa miezi halitumiki yale maji yanakauka na harufu inapanda, kwahiyo kabla ya kumleta mnunuzi mwaga kopo la maji kwenye tundu, ni kitu kidogo ila harufu ndo inamkaribisha mtu kabla ya macho.

Ukutani, kama ukikuta yale mabomba ya chuma ya zamani yatoe yote ukiwa umeshavunja, usiunganishe kipya kwenye kutu. Weka PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea, na yajazwe maji kwa presha yakae usiku mzima kabla ya kupiga plasta. Piga picha na tepu ya kupimia ikiwa imewekwa pembeni, ionekane bomba lipo sentimita ngapi kutoka kona. Hizo picha zitakuja kukusaidia nitaeleza mbele.

Halafu tafadhali sana weka bomba la chini, kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Siku maji hayapandi kwenye tanki watu wanaoga kwa ndoo, wa kutawadha wanataka bomba la chini, wa kuosha miguu akitoka nje hivyo hivyo, wa kufua kidogo pia. Fundi wetu wa kwanza alisema litaharibu muonekano, tukamsikiliza, tukalijutia kila siku ya mgao.

Kwenye umeme, kama utafunga shawa ya kuchemsha maji papo hapo, nyingi zinakula kilowati 5 na kitu, hiyo ni zaidi ya ampia 20 kwa mpigo. Usiruhusu fundi aiunge kwenye waya wa soketi. Ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali, breka yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli kweli, na ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Hapa ni maisha ya mtu aliyelowa maji, usibane hela.

Sakafu. Mteremko ni sentimita mbili kwa kila mita moja kuelekea kwenye tundu, ikipungua sana maji yanatuama, ikizidi mzee anahisi kama anaanguka. Kabla ya tailizi mwaga kikombe cha maji kwenye kila kona uone kama yote yanafika kwenye tundu bila kusukumwa. Kama hutaki kizingiti kabisa, sakafu ya shawa lazima ishuke chini ya ile ya bafu lingine, kwahiyo itabidi uchimbe, na ghorofani mara nyingi haiwezekani, hapo bora uinue kidogo na kukubali kizingiti kifupi kuliko kulikata zege.

Halafu dawa ya kuzuia maji, kosa letu la mara ya kwanza lilikuwa hapa. Fundi alisema saruji nzito na tailizi zinatosha, akapanga moja kwa moja juu ya plasta. Kulikuwa kuzuri mno, tukapiga na picha. Mwezi wa nne tangu tumalize rangi ya korido ikaanza kuvimba kama chapati kwenye kikaango, ukibonyeza kwa kidole inapasuka na vumbi jeupe la chumvi linamwagika. Tailizi na ile grauti ya katikati yake hazizuii maji, maji yanapenya taratibu kwenye mistari na kukaa nyuma. Tukabomoa yote.

Mara ya pili tulifanya hivi. Kona zote za sakafu na ukuta zikawekwa utepe wa wavu na kuzungushwa vizuri, kuzunguka tundu pia, halafu dawa ya kuchanganya na saruji ikapakwa mikono miwili, yaani mara mbili, wa kwanza brashi inaenda huku, ukikauka wa pili unakatisha. Sakafu nzima ya bafu, sio shawa tu, na ukuta wa shawa mpaka mita mbili juu. Ilipokauka kama maelekezo ya kwenye ndoo yanavyosema, tukaziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, tukaweka tuta dogo mlangoni, tukajaza maji kimo cha vidole vitatu na mimi mwenyewe nikachora mstari wa penseli ukutani pale maji yalipoishia. Usiku niliamka mara mbili kwenda kumulika na simu. Kesho yake saa ile ile yalikuwa yameshuka upana wa huo mstari tu, ukuta wa korido mkavu, ndo nikamruhusu fundi aanze kupanga. Masaa 24 hayo usikubali yarukwe hata fundi akinuna.

Tailizi za chini ziwe za kukwaruza, na ndogo, maana kubwa haziwezi kufuata mteremko bila kukatwakatwa, na mistari mingi inasaidia mguu kushika. Zipangwe kwa gundi ya tailizi iliyoenezwa nyuma yote, fundi akiweka mabonge matano ya saruji kunabaki mashimo chini, ukigonga na sarafu unasikia sauti tupu. Gonga moja moja kabla hujamlipa.

Kioo sina shida nacho ila kama unatumia maji ya kisima, na Dar visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, kioo kitakuwa na madoa meupe ndani ya wiki na mixa za kung'aa, yale mabomba ya kuchanganya maji moto na baridi, zinachubuka. Sisi tulijenga nusu ukuta wa tofali, ukapakwa dawa na kuwekwa tailizi, unazuia maji yasirukie choo na mama alikuwa anaushikilia akiingia. Ukitaka kioo kiwe cha milimita 8 au 10 kilichopikwa, kina alama ndogo kwenye kona, kikipasuka kinakuwa punje punje na sio visu.

Kazi yote ilichukua wiki mbili na siku mbili, sehemu kubwa ni kusubiri vitu vikauke.

Sasa kuuza. Mnunuzi wetu alikuja na dalali na mjomba wake, yule mjomba hakuangalia tailizi kabisa, alifungua shawa akaiacha inamwaga, akatoka akaenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa korido, akarudi akainama kunusa tundu. Nikamwonyesha zile picha kwenye simu, mabomba na vipimo, dawa mikono miwili, maji yaliyojazwa na mstari wa penseli. Akamwambia kijana wake hapa hatuhitaji kuvunja. Kwenye nyumba nzima alijadili bei ya paa na ya uzio, bafu hakuligusa.

Risiti za vifaa na za mafundi zitunzwe pia, zile za EFD, mashine ya risiti za kodi. Ukiuza nyumba kwa faida TRA, mamlaka ya kodi, wanachukua asilimia 10 ya ile faida kwa mkaazi, na gharama za kuiboresha nyumba zinahesabiwa kwenye gharama zako, ila uwe na karatasi ya kuonyesha. Nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi inasamehewa kama faida haizidi milioni 15, lakini kwa bei za viwanja vya mjini wengi wanapita hapo.

Na tailizi zikibaki usizigawe, weka boksi moja stoo pamoja na mfuko wa grauti ya rangi ile ile, umkabidhi mnunuzi na funguo.